Kwa Shangazi Salome, Aliyekataa Kuzikwa Kimya

Issuna,
mvua za kwanza.

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo.

Ninafahamu kwamba hutaitikia, na kusema kweli hata ulipokuwa hai hukuwahi kuniitikia ipasavyo. Watu wazima wote wa hapa Issuna wakiamkiwa husema "marahaba", na mambo yakaendelea. Wewe ulisema, "Marahaba, umekula?" Ulisema hivyo nilipokuwa mtoto wa miaka sita. Ulisema hivyo pia siku niliporudi kutoka chuo cha ualimu, nikiwa na cheti, koti na sanduku la bati, mbele ya abiria wote wa lori, akiwamo karani wa baraza ambaye nilikuwa nimezungumza naye njia nzima tangu Manyoni juu ya maendeleo ya nchi. "Marahaba, Bwana Shauri wangu! Umekula?" Na kabla sijajibu ukalichukua sanduku langu, ukajitwika kichwani, ukatangulia njiani huku ukiwatangazia watu waliokuwa mashambani kwamba Bwana Shauri wa serikali amekuja kudai kodi. Mzee mmoja alikimbia, Shangazi. Alikimbia kweli, akaacha jembe lake. Wewe ukaketi chini ukacheka mpaka sanduku likaanguka, na pembe yake imebonyea hadi leo.

Nakuandikia barua hii kwa sababu nimekwama, na aliyenikwamisha ni wewe.

Kwanza nikupe habari za nyumbani. Yule ng'ombe mwekundu uliyempa jina la Mke wa Mchungaji, kwa vile anavyotembea akijitazama, amezaa ndama jike. Kuku wako wanalala popote wanapotaka, maana hakuna wa kuwatukana jioni. Baba hajanyoa tangu siku uliyokata roho. Ndevu zake zimetoka nyeupe tupu, jambo ambalo sikulijua, kwa kuwa sikuwahi kumwona nazo. Anakaa mlangoni pa tembe juu ya kigoda chake tangu asubuhi hadi jua linapozama, na jembe lake limeegemezwa ukutani nyuma yake. Hazungumzi. Akisalimiwa anainua mkono.

Leo ni wiki ya sita tangu tukuzike. Mvua ya kwanza ilinyesha siku nne zilizopita, mvua nzuri, ya kulowesha ardhi hadi chini. Majirani wote wamo mashambani wanapanda uwele. Baba hapandi. Unaijua desturi kuliko mimi: aliyefiwa na ndugu wa damu hagusi mbegu kabla ya matanga kuanuliwa. Ule moto wa matanga uliowashwa uani siku ya msiba wako ulikwisha zimika zamani, lakini majivu yake bado yapo pale pale, na kuku wanayachakura. Mkeka wa waombolezaji bado umetandikwa sebuleni. Kama mvua hii itapita kabla mbegu haijaingia ardhini, mwakani tutakula nini? Nimemuuliza Baba swali hilo mara tatu, kwa lugha ya adabu. Aliinua mkono.

Matanga hayaanuliki kwa sababu watani hawapo, na watani hawapo kwa sababu mimi niliwafukuza. Nimeiandika sentensi hiyo kwa mkono wangu mwenyewe, na ninakuomba usicheke kabla sijamaliza.

Ni wewe uliyenifundisha kwamba ukoo wetu na ukoo wa Mzee Njiku, wale wa ng'ambo ya mbuga, ni watani tangu kabla ya Mjerumani. Wanatutukana bila kuwa na kosa, nasi tunawatukana. Wanaingia jikoni kwetu na kufunua chungu bila kuomba. Mmoja wetu akifa, wao ndio huja kuchimba kaburi, kumuiga marehemu, kuwachekesha waliofiwa hata kama hawataki, na mwishowe kuyafagia majivu ya matanga ili watu warudi kwenye kazi zao. Haya yote niliyajua. Lakini nilikaa miaka minne chuoni, na chuoni tulifundishwa kwamba kila shughuli ina utaratibu, msemaji wa kwanza, msemaji wa pili, na kimya cha heshima. Basi nilikuandikia hotuba. Ilikuwa na kurasa nne, Shangazi. Niliinakili mara mbili kwa wino mweusi.

Tena siku ya kukuzika, kwa bahati ambayo sasa siwezi kuiita njema wala mbaya, mkaguzi wa shule alikuwa akipita katika ziara yake. Unamkumbuka, yule Mwingereza kijana. Huwezi kumsahau, kwa kuwa wewe ndiye uliyeingia darasani mwangu siku ya ukaguzi ukiwa na kibuyu cha uji, ukamwambia mbele ya wanafunzi wangu: "Bwana Mkubwa, huyu mwalimu wako nimemwogesha mimi. Alikojoa kitandani mpaka darasa la pili, lakini sasa amepona." Nilitamani sakafu inimeze. Mkaguzi alikunywa uji. Baada ya ukaguzi ule ilinichukua mwezi mzima kuwafanya wanafunzi waache kuulizana kama mwalimu bado amepona.

Siku hiyo ya maziko alisimamisha gari alipoona watu wengi, akaambiwa kuwa ni msiba wa mwalimu, akavua kofia na kusimama karibu na kaburi. Unajua vizuri ni nini nilichokuwa nikikitegemea kutoka kwa mtu yule. Kalamu yake ndiyo ingeweza kunipeleka kwenye masomo ya juu zaidi. Nikajiambia: leo ataona kwamba hata huku kwetu watu wanazikwa kwa heshima.

Ndipo Mzee Njiku akatokea nyuma ya zizi akiwa amevaa kanga yako.

Ile yenye maua mekundu, Shangazi. Amejifunga kifuani kama ulivyokuwa ukijifunga, kichwani ameweka kilemba chako, na mkononi ana mwiko. Mzee mwenye wajukuu na mvi, anachechemea kwa mguu wa kushoto kama ulivyochechemea tangu ulipoanguka kisimani, na nyuma yake watu kumi na mmoja wa ukoo wake wanapiga vigelegele. Akamsimamisha kila mtu aliyemkuta njiani, "Umekula? Wewe, umekula? Mbona umekonda, mkeo anakulisha hotuba?" Akafika kwenye jeneza, akaligonga kwa mwiko. "Salome! Amka! Unalala mchana, na kuni nani atakata?" Wanawake waliokuwa wakilia walianza kujifunika midomo kwa kanga zao. Kisha akateremka kaburini, akajilaza chali, akapaza sauti kutoka chini: "Huku pabaya! Hakuna jirani wa kumcheka. Salome hapawezi huku. Mimi sitoki mpaka yule Bwana Shauri wake, aliyekunja uso pale kama amekula ndimu, acheke."

Watu wote wakanigeukia. Mkaguzi naye akanigeukia.

Nikasema. Nakumbuka kila neno, kwa bahati mbaya. Nilisema: "Mzee, ninakuomba utoke kaburini. Huu ni msiba, wala si ngoma ya pombe. Hapa tuna wageni wa serikali."

Vigelegele vikakatika. Mzee Njiku alitoka taratibu, akijishika kwenye kingo za shimo, na hakuna aliyempa mkono. Akaivua kanga yako, akaikunja mara nne kwa uangalifu kama mtu anayekunja nguo ya mtoto, akampa Baba kwa mikono miwili. Kisha akasema, bila mzaha wowote, "Basi. Mwiteni huyo wa serikali awaanulie matanga." Wakaondoka wote kumi na wawili, wakafuata njia ya mbugani bila kugeuka nyuma.

Nikasoma hotuba yangu. Nilisema kwamba marehemu alikuwa mtu wa bidii, nidhamu na utulivu. Nilipofika kwenye neno utulivu nilimsikia bibi mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake, "Tumezika nani leo?" Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyelia. Nilisoma kurasa zote nne. Upepo ulikuwa ukivuma na nililazimika kuzishika kwa mikono yote miwili.

Na mkaguzi? Nilimsindikiza hadi kwenye gari, nikingoja neno lake. Akanishika mkono, akanipa pole, halafu akauliza, "Yule mzee mwenye kanga amekwenda wapi? Alimwiga vizuri sana yule mama. Nilimkumbuka mara moja, yule wa uji." Hilo ndilo aliloniuliza, Shangazi. Hotuba yangu hakuitaja. Ninapoandika maneno haya ninauona ule mdomo wako ukianza kutetemeka pembeni, na ninakusihi tena, ngoja.

Usifikiri kwamba nilikaa bila kutafuta njia. Wiki ya pili nilikwenda kwa mzee wa kanisa nikamwomba aje kutuanulia matanga kwa sala. Alikuja. Alisali vizuri na kwa kirefu, akakutaja kwa jina lako la ubatizo, akala kuku wako mmoja mzima. Nikamwonyesha majivu. Akayatazama, akafuta midomo, akasema, "Mwalimu, sala nimesali. Majivu si kazi yangu."

Wiki ya tatu niliamua kuyafagia mwenyewe. Nilichukua ufagio wa shule, nikafagia, nikayazoa kwenye karai, nikayamwaga nyuma ya zizi. Niliporudi Baba alikuwa amesimama. Alikuwa hajasema neno kwa siku nyingi, nami nikafurahi nikidhani ananishukuru. Alisema neno moja: "Rudisha." Nikaenda nyuma ya zizi, mimi mwenye cheti cha serikali, nikapiga magoti na kuyakusanya majivu kwa viganja, yakiwa yamechanganyika na samadi, nikayarudisha mahali pake. Wanafunzi wangu wawili walikuwa wakipita na mbuzi wao. Waliniamkia kwa adabu kubwa mno.

Wiki ya nne nilimwandikia Mzee Njiku barua rasmi. Niliianza kwa kichwa cha habari kilichopigwa mstari, nikaeleza kwamba kulitokea kutoelewana, nikaomba ukoo wake upange siku inayofaa. Nilitumia neno "kutoelewana" ili lisiwe kosa la mtu yeyote. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, likiletwa na mwanamke aliyekuwa akienda gulioni. Ilikuwa ni barua yangu yenyewe, imekunjwa vizuri, na ndani yake umefungwa ugoro. Baba alipiga chafya. Hiyo ndiyo ilikuwa sauti yake ya pekee wiki ile.

Basi juzi, mvua ilipokuwa imekwisha nyesha na majirani wameanza kupita mbele ya nyumba yetu wakiwa na mbegu na wakiangalia pembeni ili wasimwone Baba pale mlangoni, niliazima baiskeli ya katekista nikavuka mbuga. Nilivaa koti. Njia ilikuwa tope, na nusu ya safari mimi ndiye niliyeibeba baiskeli. Nilimkuta Mzee Njiku uani kwake akichonga mzinga wa nyuki. Nikamwamkia. Akaitikia, akaendelea kuchonga. Nikasimama. Aliniacha nimesimama kwa muda mrefu wa kutosha kuyasikia maji yakitiririka kutoka kwenye viatu vyangu.

"Wageni wa serikali hawajambo?" akaniuliza hatimaye.

Nikamwambia kwamba nimekuja kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yenye mpangilio, lakini nilijikuta nimesema hilo peke yake. Akaweka tezo chini. Ndipo akaniambia jambo ambalo ulinificha, Shangazi, na ambalo limenifanya nikukasirikie kuliko siku zote za maisha yangu.

Aliniambia kwamba ile kanga hakuiokota kwenye msiba. Ulimpa mwenyewe, kwa mkono wako, ulipokuwa tayari huwezi kutoka kitandani, siku ambayo mimi nilikuwa shuleni nikisahihisha mitihani. Ulimwita, ukampa kanga na kilemba, ukamfundisha hata namna ya kuchechemea, ukamkosoa ukisema anachechemea kama mbuzi aliyekanyaga mwiba na kwamba wewe hukuchechemea hivyo hata siku ile ulipoanguka kisimani. Ukamwambia, "Usikubali nizikwe kimya. Na yule Bwana Shauri wangu atakuwa amekunja uso. Yule halii mpaka acheke kwanza. Usipomchekesha ataziba."

Kwa hiyo ulipanga. Ukiwa unakufa, ulikaa ukapanga namna ya kunichekesha mbele ya watu wote, na hukunidokezea hata kidogo. Nilikuja kila jioni nikakusomea, nikakupima joto kwa kiganja, nikakuuliza kama unahitaji kitu, nawe ukasema tu, "Umekula?" Ungeniambia! Neno moja tu! Ningeiacha hotuba sandukuni. Lakini hapana, wewe ilikuwa lazima iwe mzaha, na mzaha ukiujua mapema si mzaha. Hivyo ndivyo ungesema. Unanichosha, Shangazi. Hata huko uliko unanichosha.

Nilirudi nikiiburuta baiskeli, na njia nzima nilikuwa nikibishana nawe kwa sauti. Lakini katikati ya mbuga nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka.

Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka saba. Watu wananiambia kwamba nilikaa siku tatu bila kulia na bila kula, nikitazama mlango. Sikumbuki siku hizo. Ninachokumbuka ni wewe, umeingia ndani umejifunga ngozi ya mbuzi kiunoni, unamwiga jogoo wetu aliyetumbukia kwenye chungu cha pombe ya mtukuru akalewa. Ulipepesuka, ukajaribu kuwika, sauti ikakatika katikati, ukaegemea ukuta ukiutazama kwa mashaka kama vile ni ukuta uliokusukuma. Nikacheka. Na kicheko kilipofika juu kiligeuka, nikalia mapajani mwako mpaka ngozi ile ya mbuzi ikalowa. Ulikuwa ukinipigapiga mgongoni. Ukasema, "Haya. Sasa imetoka." Halafu ukaniuliza kama nimekula.

Sijakulilia, Shangazi. Wiki sita. Watu wanadhani ni kwa sababu ya elimu.

Sasa nikueleze adhabu yangu. Mzee Njiku amekubali kuja kesho na watu wake, lakini amesema kwamba yeye kanga ile haivai tena, kwa sababu amekwisha ivua mara moja mbele ya wageni wa serikali. "Utavaa wewe," akasema. "Utaanzia mlangoni pa zizi mpaka kaburini. Utachechemea, utashika mwiko, na utacheka kicheko chake, kile chenyewe. Watu wakicheka, nafagia majivu. Wasipocheka, nakunywa pombe yenu narudi kwangu." Nikamwuliza kama ninaweza kutoa mbuzi badala yake. Akasema mbuzi anaye. Nikamwambia kwamba mimi ni mwalimu, kwamba wanafunzi wangu na wazazi wao watakuwapo. Akasema, "Ndiyo maana."

Unakumbuka ulivyolalamika kila nilipokuandikia kutoka chuoni, kwa kuwa katekista ndiye aliyekusomea barua zangu? "Anasoma kama anahesabu mbuzi," ulisema. "Barua isomwe kwa sauti ya aliyeiandika." Nawe ulimwiga katekista, ukamwiga mchungaji, ukamwiga karani wa baraza akikohoa kabla ya kusema uongo, ukaniiga mimi nikifunga tai. Mimi sikuwahi kumuiga mtu hata mara moja. Niliona kwamba ni utovu wa heshima. Sasa nina siku moja ya kujifunza.

Niliiacha barua hii hapo, na kwa kuwa leo ni Jumamosi na shule imefungwa, nikaenda zizini baada ya ng'ombe kutolewa, nikajifunga kanga yako juu ya suruali na kilemba chako kichwani. Mguu niliuweza, kwa sababu mguu una kanuni. Mwiko pia. Kicheko ndicho kilichonishinda. Nilijaribu mara ya kwanza, nikasikika kama mtu anayepaliwa. Nilijaribu mara ya pili kwa sauti ya juu, na Mke wa Mchungaji, aliyebaki zizini na ndama wake, akaacha kutafuna akanitazama. Nilijaribu mara ya tano, mara ya sita. Nilikuwa nimekaribia kuuvunja ule mwiko kwa hasira niliposikia mtu nyuma ya boma la miti akisema:

"Sivyo."

Alikuwa Baba. Ameinuka kwenye kigoda chake, amekuja hadi zizini, ndevu nyeupe, bila fimbo. Alinitazama kuanzia kilemba hadi viatu. Nilingoja anifokee.

"Unaanzia juu," akasema. "Yeye alianzia chini, tumboni, kama mtu anayesukasuka kibuyu cha maziwa. Hivi." Akavuta pumzi. Na Baba, Shangazi, ndugu yako aliyekaa wiki sita akisema neno moja tu, akacheka kicheko chako. Kilianza chini kabisa, polepole, kikapanda, kikapanda, halafu kikakatika ghafla kama ulivyokuwa ukikikata ili uwatazame watu uone nani hajacheka, akanitazama mimi, kisha akakimalizia. Kilikuwa chenyewe. Kuku wako waliokuwa kwenye majivu waliinua vichwa vyote kwa pamoja, wakaja mbio zizini wakitafuta chakula chao.

Baba aliwatazama wale kuku. Akajishika kwenye mti wa boma. Akasema, "Tangu alipokuwa hivi," na akaonyesha kwa mkono kimo cha mtoto mdogo. Machozi yalishuka yakaingia kwenye ndevu. Nilikuwa nimevaa kanga, nimeshika mwiko. Nikampigapiga mgongoni, kwa kuwa ndivyo nilivyowahi kufanyiwa.

Baadaye akajipangusa uso, akasema, "Haya, anza tena. Chini." Tulifanya mazoezi mpaka jua likawa juu ya paa la tembe. Si kizuri bado. Baba anasema kwamba mahali pa kukata ninachelewa. Lakini mara ya mwisho alitabasamu, na mimi nikahisi kitu kikilegea hapa kooni, kitu ambacho kimekaa pale tangu siku ile. Hakijatoka. Nadhani kinangoja kesho. Kisha Baba akasema kwamba ana njaa, neno ambalo sikulisikia tangu ulipoondoka. Nikasonga ugali wa uwele kwa mwiko wako, ukawa na mabonge, tukaula wote na mlenda mpaka sufuria ikabaki tupu. Sasa amekaa mlangoni, lakini jembe amelipakata mapajani, na analinoa.

Shangazi, mpaka sasa sikubaliani na njia zako. Bado nadhani kwamba ungeweza kunieleza mapema, na kwamba mtu mzima anaweza kusaidiwa kulia bila kuvalishwa kanga mbele ya kamati ya shule. Jibu la mkaguzi kuhusu masomo yangu halijaja, na likija litakuja. Lakini nakuahidi haya. Kesho nitatoka pale mlangoni pa zizi nikiwa nimevaa maua yako mekundu. Nitachechemea kwa mguu wa kushoto, na nitamwuliza kila nitakayemkuta njiani kama amekula, hata kama ni mwenyekiti wa kamati, hata kama mkaguzi atatokea na gari lake. Nitagonga udongo wako kwa mwiko na kukuuliza kuni nani atakata. Nitaanzia chini. Nitakata mahali pa kukata. Na Mzee Njiku akishamaliza kufagia, nitampa zile kurasa zangu nne. Karatasi ni nzuri, na ugoro wake hauishi kuhitaji kufungwa. Keshokutwa Baba na mimi tutaingia shambani, na nitavua viatu.

Lala salama, Shangazi, kama kulala kunawezekana kwako. Ukimwona mama yangu, mwige yule jogoo.

Shikamoo.

Ndiyo, nimekula.

Mwanao,
Elieza